Mboni ya jicho na maneno ya kijiweni

Juzi Kibirizi dogo mmoja wa boda kadondoka, hata vumbi halijatulia kuna jamaa ashamfunua jicho anasema "mboni kubwa hii, huyu kavuta bangi". Nikawasha tochi ya simu nikammulika jicho la kulia, mboni ikanywea, na ya kushoto ambayo sijaimulika nayo ikanywea palepale. Ndo inavyotakiwa, mwanga ukipiga jicho moja mboni zote mbili zinasinyaa.

Sasa hiyo ya bangi. Kinachoonekana zaidi kwa mvutaji ni jicho jekundu. Mboni ikiwa ndogo kama ncha ya sindano hapo fikiria unga, yaani heroini. Kokeini inaitanua, lakini hofu pia inaitanua, maumivu, giza, hata yale matone unayowekewa ukienda kupimwa macho. Dogo katoka kupiga mweleka barabarani, ulitaka mboni iweje?

Halafu kuna ndogo nyingine ambayo watu wa mashambani muijue. Mtu katoka kupulizia dawa ya wadudu, mboni zimekuwa vidoti, mate yanamtoka, jasho, anatapika, kifua kinabana. Watu watasema ni malaria imepanda kichwani, au wanamnywesha maziwa "yakate sumu". Maziwa hayakati hiyo kitu, mvue nguo zenye dawa, mwoshe, kimbiza hospitali na kopo la dawa ulibebe.

Wengine wanadhani mboni ni kijikokwa cheusi. Ni tundu tu jamani! Misuli ya ile duara yenye rangi ndo inalibana na kulitanua, kwenye jua linabaki kama milimita 2 mpaka 4, gizani linaweza kufika 8, na uzeeni linakuwa dogo zaidi. Weusi ule ni kwa sababu mwanga unaingia ndani na unaorudi nje ni kidogo mno. Ndo maana mboni ikiwa nyeupe ujue kuna kitu huko ndani, kwa babu mara nyingi ni mtoto wa jicho, ila mtoto mchanga ukimpiga picha ya flashi jicho moja likatoka jeupe usiseme simu mbovu, inaweza kuwa saratani ya jicho, mpeleke wiki hiyohiyo.

Wavuvi wa dagaa nao wanasema wakiangalia taa halafu wakageukia ziwani hawaoni kitu kwa sababu mboni zimegoma kufunguka. Mboni zinaanza kufunguka ndani ya sekunde chache tu, anayechelewa ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, yeye kuzoea giza vizuri anachukua hata nusu saa.

Turudi kwa yule jamaa wa bangi. Alipoona tochi akasema mboni zisipolingana mtu karogwa au kapata kiharusi, nikamwambia haya lete yako tuone. Hazilingani! Akanyamaza kabisa. Nikamweleza kama mtu 1 kati ya 5 yuko hivyo, tofauti ndogo, haina shida. Ya hatari ni inayoanza ghafla, hasa baada ya kugongwa kichwa, au ikija na kichwa kuuma sana, kope kushuka, kuona vitu viwili. Hakuniamini mpaka alipotafuta picha yake ya harusi kwenye simu akaivuta kubwa, akakuta ya kushoto ilikuwa kubwa tangu siku hiyo, na mke anasema yeye alishaionaga zamani.