Si Kila Askari wa Jeshi la Anga Alikuwa Rubani

Watu wanaoniletea kumbukumbu za kijeshi za mababu zao ili niwasaidie kuzisoma huanza karibu wote na kauli moja: "Babu yetu alikuwa rubani wa vita." Ushahidi wao huwa namba ya skwadroni iliyoandikwa kwenye cheti, au picha ya kijana mwenye ovaroli aliyesimama kando ya ndege huku spana ikichungulia mfukoni. Ninapowaeleza kwamba kijana huyo alikuwa fundi wa injini, nyuso hubadilika kana kwamba nimemvua mzee wao heshima. Hapo ndipo subira yangu huanza kunipungukia, kwa sababu heshima ya fundi yule haikuwahi kutegemea mabawa ya kushonwa kifuani, na anayedhani hivyo hajaelewa kikosi cha anga ni chombo cha namna gani.

Skwadroni ni mpangilio wa watu wengi wa ardhini ambao kazi yao ya mwisho ni kuipeleka ndege angani ikiwa salama, ina mafuta, ina silaha na inajua inakokwenda. Chukua skwadroni ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza yenye injini nne, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndege moja ilibeba kwa kawaida watu saba: rubani, mhandisi wa ndege, mwongozanjia, mlenga mabomu, opereta wa redio na wapiga bombomu wawili. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, Skwadroni ya 617 ilipotuma ndege 19 kushambulia mabwawa ya Ujerumani, waliopaa walikuwa watu 133, na miongoni mwao marubani walikuwa 19 tu. Watu 53 walikufa usiku huo, na wengi wao hawakuwa marubani. Hao ni waliopaa. Mafundi waliobaki uwanjani walikuwa wengi kuliko wao.

Kazi ya hao waliobaki haikuwa ya pembeni. Matangi ya Lancaster yalipojazwa yalibeba karibu lita 9,800 za mafuta. Injini nne zilipaswa kuwashwa na kupimwa moja baada ya nyingine, mafundi wa silaha walipandisha mabomu tumboni mwa ndege na kupanga mikanda ya risasi, na mafundi wa redio walikagua vifaa ambavyo visipofanya kazi ndege hupotea gizani. Kila fundi aliweka sahihi yake kwenye daftari la matengenezo la ndege, lililoitwa Fomu 700, na rubani alitia sahihi yake baada yao kukubali kwamba ameipokea. Anayetaka kujua ndege ile ilikuwa mikononi mwa nani aitazame karatasi hiyo: sahihi ya rubani ni moja, na inakuja mwisho. Upande wa Usovieti, Rejimenti ya 588 ya mabomu ya usiku iliundwa na wanawake pekee, na sifa zake huimbwa kwa majina ya marubani wake. Lakini ndege za Po-2 ziliweza kurudi vitani mara kadhaa kwa usiku mmoja kwa sababu mafundi wake, wanawake hao hao, walizijaza mafuta na kutundika mabomu upya gizani kila zilipotua.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao huurudia hata kwa wasiouomba, ni huu: usianze na hadithi ya familia, anza na cheo, beji na fani. Katika jeshi la anga la Uingereza, tangu mwaka 1940, watu waliopangiwa kuruka vitani walipewa cheo kisichopungua sajenti. Ukimkuta mzee wako katika skwadroni ya mapigano mwaka 1943 akiwa na cheo cha Leading Aircraftman, kilicho chini ya koplo, karibu hakika alikuwa mtu wa ardhini. Kisha tazama kifua chake kwenye picha. Rubani alivaa mabawa mawili. Wenzake ndani ya ndege walivaa bawa moja lenye herufi, kwa mfano N kwa mwongozanjia, E kwa mhandisi, B kwa mlenga mabomu na AG kwa mpiga bombomu. Asiye na bawa lolote kwa kawaida hakuwa miongoni mwa wanaoruka, hata kama picha ilipigwa akiwa ameketi kwenye kiti cha rubani, jambo ambalo mafundi walilifanya mara kwa mara. Mwisho, soma daftari la matukio la kikosi, Fomu 540 na 541, mwezi mzima bila kuruka kurasa, pamoja na siku ambazo hali ya hewa ilizuia kila kitu. Usipoliona jina la mzee wako humo usishangae, kwa sababu daftari hilo huwataja wanaoruka na kuwapita kimya wengine walio wengi. Tena, vita vikiendelea, mafundi wengi wa Uingereza waliondolewa kwenye skwadroni na kuwekwa katika vitengo vya matengenezo vyenye namba zake vyenyewe, hivyo huenda unatafuta kwenye daftari lisilo lake.

Hata nje ya skwadroni, majeshi ya anga yamekuwa na watu ambao hawakukaribia ndege. Uingereza iliunda Kamandi ya Maputo mwaka 1938 kwa ajili ya maputo ya kuzuia ndege za adui, na Februari 1942 ikaunda rejimenti ya askari wa miguu wa kulinda viwanja vya ndege. Askari wa miavuli wa Ujerumani walioshuka kisiwa cha Krete Mei 1941 walikuwa wa Luftwaffe, jeshi la anga, na si wa jeshi la nchi kavu.

Dhana ya pili ni binti wa ile ya kwanza: kwamba vikosi vya anga vilizaliwa ili ndege zipigane na ndege. Vilizaliwa ili kuona. Wafaransa walitumia puto kuwachungulia maadui kwenye mapigano ya Fleurus mwaka 1794. Oktoba 1911, Waitalia walituma ndege kupeleleza nchini Libya, na siku chache baadaye, tarehe 1 Novemba, Giulio Gavotti akadondosha mabomu kwa mkono. Skwadroni nne za Uingereza zilizokwenda Ufaransa Agosti 1914 zilikwenda kupeleleza, na taarifa za wapelelezi wa anga wa Uingereza na Ufaransa kwamba jeshi la von Kluck, jenerali wa Ujerumani, limegeuza uelekeo zilichangia matokeo ya mapigano ya Marne. Ndege za kivita zilikuja baadaye, ili kuwalinda watazamaji wa upande mmoja na kuwaangusha wa upande wa pili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya mikoko, mahali ambapo wapiga mizinga wa meli za Uingereza, Severn na Mersey, hawakuweza kuiona. Ndege ya kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza, ikitokea kisiwa cha Mafia, ilizunguka juu yake huku mtazamaji, Arnold, akituma kwa redio masahihisho ya kila kombora: fupi, mbali, kushoto, kulia. Ndege ilipigwa, na rubani Cull akaanza kuishusha kuelekea mtoni, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati ndege inashuka. Meli iliangamizwa siku hiyo. Ndege haikuwa imepigana na ndege yoyote, na aliyefanya kazi iliyoipeleka pale angani ni mtu wa kiti cha pili.

Namba za vikosi nazo huwapoteza watu. Skwadroni ya 617 haimaanishi kwamba zilikuwapo nyingine 616 kabla yake. Namba ziligawanywa kwa mafungu: zile za 300 zilipewa vikosi vya nchi zilizokaliwa na adui, kama vile 303 ya Wapolandi, na zile za 400 zikapewa Kanada, Australia na New Zealand. Majeshi ya anga ya nchi kavu na ya majini ya Uingereza yalipounganishwa tarehe 1 Aprili 1918, skwadroni za majini ziliongezewa 200, na ile ya kwanza ikawa ya 201.

Ukubwa wa vikosi haulinganishwi kwa majina. Group na Wing ni majina ya vikosi vilivyo juu ya skwadroni: kwa Waingereza Group ilikuwa juu ya Wing. Kwa Wamarekani Wing ilikuwa juu ya Group. Geschwader, kikosi kikubwa cha Wajerumani, kwa kawaida ilikusanya angalau vikosi vitatu vilivyoitwa Gruppe, na kila Gruppe vikosi vidogo vitatu vilivyoitwa Staffel.

Vita vya anga vya Uingereza vya mwaka 1940 havikupiganwa na ndege za kivita za Spitfire peke yake. Skwadroni za Hurricane zilikuwa nyingi zaidi na ziliangusha ndege nyingi zaidi.

Tena, si kweli kwamba marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Utafiti wa kumbukumbu za vikosi vyenyewe umeonyesha kwamba ndege zaidi ya 20 ziliangushwa na ndege za adui chini ya ulinzi wao, idadi ambayo bado ni ndogo ukilinganisha na vikosi vingine vya aina hiyo. Walioitangaza hadithi ile walidhani wanawaheshimu. Marubani waliofuzu Tuskegee hawakufika elfu moja, na nyuma yao walikuwapo maelfu ya mafundi, wauguzi, wahudumu wa miavuli na makarani wa programu ileile, ambao familia zao hadi leo huniuliza kwa nini jina la mzee wao halimo kwenye orodha ya marubani.