MikroRNA na umri wa mmea wa kutoa maua

Wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe wanajua kwamba mche uliobebeshwa (yaani mche wa mbegu uliounganishwa na kikonyo, kijiti kilichokatwa kwenye mti unaozaa) huanza kutoa maua baada ya miaka 3 hadi 4, ilhali mti uliooteshwa kwa mbegu na kuachwa hivyo huweza kupitisha miaka 7 au zaidi bila ua hata moja, hata kama ni mrefu na wenye afya. Sehemu kubwa ya sababu imo ndani ya seli, katika molekuli fupi sana ziitwazo mikroRNA.

Seli inapohitaji protini fulani, hunakili jeni husika kutoka kwenye DNA na kupata RNA mjumbe, ambayo husomwa ili protini hiyo itengenezwe. MikroRNA yenyewe haisomwi kuwa protini. Ni kipande cha nukleotidi (viungo vidogo vinavyounda RNA) 21 hivi, kilichokatwa kutoka katika RNA ndefu zaidi, na kazi yake ni kujishikiza kwenye RNA mjumbe yenye mfuatano unaooana nacho, ili RNA hiyo ikatwe au isisomwe. Jeni hubaki salama, lakini protini yake hupungua. Wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliochapisha ugunduzi wao wa mikroRNA katika mnyoo mdogo mwaka 1993, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Katika mimea, molekuli hizi zilitambuliwa mwaka 2002.

Mbili kati yake ndizo zinazohusika zaidi na umri wa mmea: miR156 na miR172. Mche mchanga una miR156 nyingi, nayo hukandamiza kundi la protini ziitwazo SPL, ambazo huamsha jeni za kuchanua. Kadiri majani yanavyoongezeka na kutengeneza sukari, miR156 hupungua, protini za SPL huongezeka, na hizo huamsha miR172. Hii ya pili hukandamiza protini zinazozuia maua, kwa hiyo kizuizi nacho huzuiwa, na njia ya kuchanua hufunguka. Ninachokistaajabia katika mpangilio huu ni kwamba mmea haupimi umri wake kwa urefu wala kwa miezi, bali kwa kiasi cha molekuli kinachoshuka polepole katika machipukizi yanayokua.

Mabadiliko hayo huonekana kwa macho katika shamba lolote la mahindi huko Mbozi au Iringa. Majani ya kwanza yana utando wa nta na hayana vinyweleo, lakini yanayofuata hung'aa na kuwa na vinyweleo, kwa sababu mmea umevuka kutoka uchanga kwenda ukomavu chini ya usimamizi wa molekuli hizo hizo mbili. Kuna aina ya mahindi yenye hitilafu ya urithi, iitwayo Corngrass, ambayo hubaki na miR156 nyingi kupita kiasi. Hurefusha uchanga wake na kutoa machipukizi mengi hadi ikafanana na nyasi.

Vipimo vilivyofanywa kwenye parachichi, embe na makadamia vimeonyesha kwamba miR156 hushuka vivyo hivyo mti unapokomaa, ingawa katika miti hushuka kwa miaka badala ya wiki. Kikonyo cha Hass, aina mojawapo ya parachichi, kinachokatwa kwenye mti unaozaa kimekwisha kupita kipindi hicho, na kikiunganishwa na mche wa mbegu huendelea na ukomavu wake badala ya kuanza upya. Baridi ya Juni na Julai, ambayo huuchochea mti wa parachichi uandae maua, huufaa zaidi mti ambao tayari umekomaa. Mche wa mbegu hupata baridi ile ile kila mwaka na kuendelea kutoa majani tu. Ndiyo maana machipukizi yanayoota chini ya kiungio hupaswa kuondolewa mapema: yanatoka kwenye mche wa mbegu ambao bado uko katika uchanga wake, na yakiachwa yatanyonya chakula cha kikonyo kilicho tayari kuzaa.