Kwa nini mgahawani Arusha kahawa hukolea, lakini chai ya kifuko hubaki nyepesi?

Jumamosi saa nne asubuhi, migahawa midogo ya Njiro, Sakina na Kijenge hujaa watu walioamka kwa kuchelewa na wanaotaka kuunganisha chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Mezani kuna mayai, chapati, maharage, parachichi, pengine na bakuli la mtori. Aliyeagiza kahawa ya kuchuja anapata kikombe kilichokolea vizuri. Jirani yake aliyeagiza chai ya rangi analetewa kikombe cha maji ya moto, kifuko cha majani kikiwa pembeni kwenye kisosi. Anakichovya, anakitikisa, anakikamua kwa kijiko, na bado chai haina nguvu wala harufu. Wengi hulaumu majani. Mara nyingi majani hayana kosa. Chanzo kinaanzia mahali mji wenyewe ulipo.

Katikati ya Arusha ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ina uzito, na uzito huo hukandamiza maji sufuriani kama kifuniko. Maji hutokota pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuushinda mgandamizo huo. Dar es Salaam, ufukweni, hilo hutokea kwenye nyuzi joto 100. Arusha mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiongeza moto, yatatokota kwa fujo zaidi na kukauka upesi, ila joto lake halitapanda. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi, ni karibu nyuzi 97. Kwenye kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, maji hutokota yakiwa na nyuzi 80 tu.

Sasa angalia bahati ya kahawa. Ladha nzuri ya kahawa ya kuchuja hutoka kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96. Yakizidi hapo, uchungu huanza kutawala, na yakipungua sana, kikombe huwa na ukali wa ndimu bila utamu wa kuusawazisha. Ndiyo maana maelekezo kwenye pakiti nyingi husema uyaache maji yatulie kidogo baada ya kutokota. Ushauri huo unamfaa mtu wa pwani. Arusha maji yanatoka jikoni yakiwa tayari kwenye kiwango kinachotakiwa, na anayeyasubiri yapoe anapoteza joto ambalo kahawa inalihitaji. Mimina hapo hapo.

Spreso na kapuchino haziguswi na habari hii. Mashine hupasha maji ndani ya mtungi uliofungwa, kisha huyasukuma kwenye unga wa kahawa kwa mgandamizo wa takriban mara tisa ya ule wa hewa ya pwani. Mwinuko wa mji hauna la kusema hapo.

Chai ya rangi inataka maji yanayotokota kwelikweli, karibu na nyuzi 100 kadiri iwezekanavyo. Vitu vinavyoipa rangi, ukakasi na harufu hutoka kwa uvivu maji yakipoa. Arusha imekwishakunyima nyuzi tano kabla hujawasha jiko. Lakini niseme wazi: nyuzi tano peke yake haziharibu chai. Kinachoimaliza ni safari ya maji. Yalichemshwa alfajiri, yakatiwa kwenye chupa ya chai, chupa ikafunguliwa na kufungwa asubuhi nzima, kisha yakamiminwa kwenye kikombe kizito cha udongo kilichokuwa baridi. Kifuko kinapozamishwa dakika mbili baadaye, kinakutana na maji ya vuguvugu kuliko mteja anavyodhani. Mgahawa unaojali sebule yake, maua yake na viti vyake unapaswa kujali na hili, maana halina gharama.

Mwombe mhudumu mambo mawili: kifuko kitangulie kikombeni, na maji yatoke jikoni yakiwa yanatokota, si kwenye chupa. Funika kikombe kwa kisosi, kiache dakika nne au tano bila kukitikisa. Tofauti utaiona kwa macho. Au agiza chai ya maziwa iliyopikwa. Sufuriani, majani, tangawizi na iliki hutokota pamoja kwa dakika kadhaa, na muda huo hulipa deni la joto. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo chai inayofaa nyanda za juu, na ni makosa kuiona ya mama lishe tu, isiyostahili kuandikwa kwenye menyu.

Maji nayo yana tabia zake. Chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru hupitia miamba ya volkano na kubeba floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na bikaboneti. Bikaboneti hufifisha ule uchachu mwororo ambao watu huusifia katika kahawa ya arabika ya miteremko hii, kwa hiyo migahawa makini hutumia maji yaliyosafishwa kwa mtambo. Floridi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, kiwango cha floridi huzidi.

Tukirudi kwenye sahani: vya kukaanga havijali mwinuko, kwa sababu mafuta hupata joto kubwa kuliko maji popote ulipo. Chapati na mayai ya kukaanga ya Arusha huiva sawa na ya Tanga. Yai la kuchemsha huhitaji muda kidogo zaidi, hivyo ukilipenda kiini kigumu, sema mapema.

Maharage ndiyo yanayoumia zaidi. Kinachoshikilia ganda na nyama ya punje hulainika polepole sana joto likipungua hata kidogo, na ndiyo sababu jiko moja linaweza kuyaivisha haraka Dar na kuyachelewesha Arusha. Wapishi hutumia sufuria ya presha, ambayo hufungia mvuke ndani na kupandisha joto hadi kupita nyuzi 100. Wapishi wa makande walikuwa na njia nyingine: magadi, ambayo hulegeza kile kinachoshikilia punje bila kuhitaji joto la ziada. Tatizo ni kwamba yakizidi hubadilisha ladha, na magadi mengi ya ukanda huu yana floridi pia. Mgahawani ni bora kuuliza kama maharage yamelowekwa usiku. Yaliyolowekwa huiva upesi na hayahitaji magadi.