Namba kubwa kwenye memori kadi haifanyi Raspberry Pi ikimbie

Wengi wakitafuta memori kadi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, wanaangalia namba moja tu, ile ya MB kwa sekunde, wakiona 170 basi wanajua wamepata. Hapana jamani. Hiyo ni spidi ya kusoma faili moja kubwa mfululizo, inamfaa mtu wa kamera, na tena Pi 4 sehemu yake ya kadi inaishia kama MB 50 kwa sekunde, hizo zilizobaki huzioni kabisa.

Mfumo endeshi wenyewe unasoma na kuandika vipande vidogo vidogo, huku na kule, muda wote, na hapo ndipo kadi ya "spidi kubwa" inaweza kukwama mpaka ukadhani bodi ni mbovu. Tafuta alama ya A1, hiyo inadai kadi iweze kusoma vipande hivyo mara 1500 na kuandika mara 500 kwa sekunde. Ile alama nyingine ya Klasi 10 inaahidi tu kuandika MB 10 kwa sekunde mfululizo, basi. A2 inapanda mpaka 4000 na 2000 ila inataka kifaa kinachojua kuipangia amri foleni, bila hivyo unaweza usione tofauti yoyote.

Na ile ya kwamba kadi zaidi ya GB 32 hazikubali, sio kweli, zinakuja na exFAT, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao Pi haiwakii, lakini ukiandika mfumo kwenye kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager inafuta yote na kupanga upya yenyewe.