Samaki hawaui matumbawe kwa kuchafua maji

Wafugaji wengi wa matumbawe nyumbani wameambiwa kwamba uchafu wa samaki huyaua, kwa hiyo naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vya naitrojeni na fosforasi vitokanavyo na uchafu huo, lazima ziwe sifuri katika tangi. Si kweli. Ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo mno unaolilisha kwa nguvu ya mwanga, na mwani huo unahitaji naitrojeni na fosforasi kama mmea wowote. Mwaka 1983, watafiti waliofanya kazi St. Croix, kisiwa cha Karibi, walionyesha kuwa matumbawe yanayokaliwa mchana na makundi ya samaki hukua haraka kuliko yasiyo nao. Uchafu wao ulikuwa mbolea.

Ukiondoa virutubisho vyote, tumbawe hupauka, na mara nyingi utando wa kahawia hutanda mchangani. Mimi hupendekeza naitreti miligramu 5 hadi 10 kwa lita, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Zikizidi mno, mwani wa kijani huyasonga matumbawe, hilo kweli. Ila ogopa zaidi chumvi na joto vinavyoyumbayumba, na samaki wanaoyadonoa, kama baadhi ya samaki-kipepeo.