Kina kirefu cha bahari si jangwa

Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, utasikia watu wakisema kwa uhakika: huko chini sana, jua lisikofika, hakuna kinachoishi. Hata wasomi waliwahi kuamini hivyo. Mwaka 1843 Edward Forbes wa Uingereza alidai kwamba chini ya mita 550 hivi uhai unakoma.

Si kweli. Kati ya 1872 na 1876 meli ya utafiti Challenger ilikokota nyavu kwenye sakafu ya bahari na kuopoa viumbe kutoka kina cha maelfu ya mita.

Kubwa zaidi likaja 1977, karibu na visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki. Watafiti wa meli ya Knorr walishusha kamera, kisha wengine wakateremka kwa nyambizi ndogo, Alvin, hadi mita 2,500 hivi. Wakakuta chemchemi za maji moto zimezungukwa na kome, kaa na minyoo wakubwa ambao huweza kuwa warefu kuliko mtu. Bila jua, wanakula nini? Hapa ndipo penye utamu. Minyoo hao hawana mdomo wala tumbo. Mwilini mwao wanaishi bakteria wanaotengeneza chakula kwa kutumia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, inayotoka chini ya ardhi.

Nasi Watanzania tuna shahidi wetu: silikanti, samaki wa maji ya kina aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria. Wavuvi wa Tanga humnasa kwenye jarife za papa, na tangu 2009 ana hifadhi yake huko.