Kwenye mlinganyo, namba haihami

Mlinganyo ni kauli kwamba pande mbili ni sawa, na ndani yake kuna namba tusiyoijua. 3x + 5 = 20 ni mlinganyo. 3x + 5 peke yake siyo: hiyo unaweza kuirahisisha, lakini huwezi kuitatua kwa sababu haijadai chochote. x ikiwa haina kipeo cha pili, cha tatu wala cha juu zaidi, unaitwa mlinganyo wa mstari. Basi, hapo maana imekwisha.

Kinachonikera ni neno "hamisha". "Hamisha 5, ikivuka sawasawa inakuwa hasi." Utalisikia darasani, utalisikia tuisheni, utalisikia sebuleni kaka mtu akimfundisha mdogo wake. Na jibu linatoka kweli: 3x = 20 − 5, yaani 3x = 15. Sasa mwache mtoto aendelee mwenyewe. Anaandika x = 15 − 3, anapata 12. Wote tunamshangaa, na wakati huohuo amefanya kile alichoambiwa: 3 imevuka, ikabadilika alama. Hapo anapewa kanuni ya pili, kwamba iliyokuwa inazidisha ikivuka inagawanya. Haya, mpe −3x = 12. Anakumbuka kanuni zote mbili, anavusha −3, anaigeuza kuwa chanya, anagawanya, anapata 4. Jibu ni −4.

Hakuna kilichovuka. Tumetoa 5 pande zote mbili:

3x + 5 − 5 = 20 − 5

Kushoto, 5 na −5 zimemalizana. Ile −5 ya kulia si 5 ya kushoto iliyogeuka. Tumeiandika sisi, ili usawa usivunjike. Kisha tunagawanya kila upande kwa 3, x = 5. Kwenye −3x = 12 tunagawanya kila upande kwa −3, wala hakuna haja ya kanuni mpya. Kwa nini tumeanza na 5 na siyo 3? Kwa magazijuto, ule utaratibu wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, x ilizidishwa kwanza ndipo ikajumlishwa 5. Anayefungua anaanza na kilichofungwa mwisho.

Na hili si jambo la mitaala ya juzi. Jina la aljebra lenyewe linatoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, na katika jina la kitabu hicho yamo maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. Jabr ni kurudishia kilichopungua, neno lilelile la Kiarabu linalotumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Muqabala ni kuweka vitu vikabiliane, na sisi tunalo hilo hadi leo: duka lililo mkabala na msikiti. Chukua 5x − 12 = 3x. Upande wa kushoto umepungukiwa 12, basi rudishia 12 kila upande: 5x = 3x + 12. Hiyo ndiyo jabr. Sasa x zimekabiliana, 5 huku na 3 kule; ondoa 3x kila upande, inabaki 2x = 12. Hiyo ndiyo muqabala. x ni 6.

Al-Khwarizmi aliyaeleza haya yote kwa maneno matupu, hana x wala alama ya sawasawa. Ile mistari miwili sambamba ililetwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Yaani alama yenyewe iliwekwa kutangaza usawa, halafu sisi tunaifundisha kama geti la mpakani. Ndiyo maana daftari zimejaa 3x + 5 = 20 = 15 = 5, ambapo 20 imekuwa sawa na 15 bila mtu kushtuka.

Sisemi neno lifutwe. Aliyezoea anafupisha, na mimi nafupisha. Ila mwanao akikwambia "nimehamisha 5", muulize ametoa nini, na ametoa upande gani. Akijibu "zote mbili", mwache aandike kwa kifupi apendavyo. Akinyamaza, mwandikieni ule mstari mrefu wenye −5 mbili, kwa wiki chache tu.